Chenga

Bi Eduvigis alinipigia simu mara tatu kabla sijanywa chai.
Mchana, alisema, kamera inaona hadi kucha za mbwa wa jirani.
Giza likiingia tu, chenga,
kisha mistari inayopanda kama ngazi isiyofika darini,
kisha buluu tupu.

Juni, Punta Arenas, ukingoni kabisa mwa ramani:
jua linaaga saa kumi na moja na ushei
na upepo hauna adabu.
Mjini wamefunga kamba kwenye nguzo za kona
watu wazima washike wasipeperuke na mikate yao.
Nilifika na ngazi begani, nikienda kimshazari kama kaa.

Plagi imekaa? Imekaa.
Kioo? Nilikifuta, kitambaa kikatoka na chumvi.
Utando wa buibui? Buibui gani
atajenga kwenye upepo huu.

"Imekufa," akasema. "Mwanangu wa Santiago atanunua nyingine."
Subiri kwanza, mama.
Asiyeona usiku si lazima awe kipofu.
Pengine ana njaa.

Mita kwenye adapta: volti kumi na mbili kamili.
Mita huko juu, kisogoni mwa kamera: kumi na moja na nukta sita.
Nikaliziba jicho lake kwa glavu,
nalo likadhani kumekuchwa, likawasha taa zake zisizoonekana.
Tik.
Namba zikaanza kuteremka mbele yangu:
kumi,
tisa,
nane na nukta moja.
Huku inatolewa, kule haifiki.
Njiani kuna mkono.

Nikaufuata waya ukutani, juu ya bati, juu ya jiko la kuni,
nyuma ya kabati la makoti ya sufu
ambayo hakuna anayeyavaa tena.
Hapo nikakuta fundo:
shaba iliyosokotwa kwa vidole, imeota kutu ya kijani,
imefungwa plasta ya zahanati,
ile yenye vitundu ili kidonda kipumue.

"Baldomero," akasema, akaketi kitandani.
Miaka thelathini kwenye kiwanda cha nyama ya kondoo
yeye ndiye aliyefunga vidole vya wenzake
kila kisu kilipoteleza.
Waya ulikatika, akautibu.

Nikamwambia: hapa ndipo umeme unapoliwa.
Kila unaopita, fundo linatoza ushuru.
"Hata mshahara wake
ulikuwa unafika nyumbani hivyohivyo,"
akasema, akacheka peke yake,
kisha kicheko kikakatika.

"Lazima ulikate?"

Ningeweza kusema hapana.
Ningeweza kumwachia kamera ya mchana tu,
wezi wafundishwe kuja adhuhuri.
Nikasema lazima.
Koleo likauma mara mbili.
Nikamenya, nikalehemu, nikavisha mpira,
na kile kipande cha urefu wa kidole gumba
akakichukua kabla hakijafika sakafuni,
akakitia mfuko wa aproni.

Tukangoja usiku na chai ya mate, maneno machache.
Dirisha likawa jeusi. Tik.
Tukatazama skrini:
lango, kibanda cha kuni, mbwa amejikunja,
na vidoa vyeupe vikikimbia kutoka kushoto kwenda kulia.

"Chenga zake bado zipo!" akapiga paja.
Hapana, Bi Eduvigis.
Hiyo ni theluji.

Akainuka, akafungua pazia kuhakikisha,
akarudi kwenye skrini, akaenda tena dirishani,
mkono mmoja muda wote u ndani ya aproni.

Nilimtoza kazi ya saa mbili. Waya sikuuhesabu.
Langoni nikakumbuka glavu yangu, iko juu ya kabati,
upepo ukanikataza kurudi.
Nikapunga mkono wa baridi kuelekea kamera,
nisijue kama kuna anayetazama.
Taa ya jikoni ikazimwa,
ikawashwa.